Ngozi kwa Kila Mmoja Wetu

Mvua zikishakatika na baridi ya Julai ikianza kulegea, maombi ya safari humiminika mezani petu katika kamati ya msikiti. Vijana wa madrasa hutaka Matema wakaogelee. Wazee huomba wapelekwe Kyela wakawajulie hali jamaa. Mwaka huu kina mama nao wametuletea barua yao, yenye mistari minne tu: wanataka twende Ziwa Ngozi, na wanataka safari hii waone ziwa lenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotukalisha vikao viwili.

Msomaji wa hapa Mbeya hahitaji kufafanuliwa. Kwa ndugu zetu walio mbali tuseme kwamba Ngozi si ziwa ambalo gari husimama ufukweni, watu wakateremka na kutandika mikeka. Ni ziwa la kasoko, yaani lile shimo kubwa linalobaki baada ya mlima wa moto kulipuka na kilele chake kudidimia. Limejificha ndani ya Milima ya Uporoto, kwa urefu unaozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuta za mawe na misitu zimelizunguka pande zote. Mtu hutoka Mbeya, akapita Uyole, akashika barabara ya Tukuyu hadi Isongole; hapo huacha lami na kufuata njia ya vumbi mpaka chini ya msitu. Gari huishia hapo. Kinachobaki ni miguu: saa moja na nusu hivi kwa mtu mzima mwenye afya, ndani ya msitu mnene wenye mianzi, njia ikipanda bila huruma hasa mwishoni. Kisha ghafla miti hufunguka, na maji yanaonekana chini kabisa, ya kijani kibichi, urefu wake yapata kilomita mbili na nusu.

Sasa desturi yetu imekuwaje? Basi linafika chini ya msitu. Wanaume na vijana wanafunga viatu na kupanda. Kina mama wanabaki na watoto wachanga, masufuria, kuni zenye umande na wazee wasioweza kutembea. Wapandaji wakirudi huku wakisifia uumbaji wa Allah, hukuta pilau limeiva. Mama mmoja, alipoulizwa nyumbani kama Ngozi ni pazuri, alijibu kwamba yeye Ngozi anaifahamu kwa moshi wake. Na nauli alilipa sawasawa na mumewe.

Katika kikao cha kwanza palikuwa na rai ya kupinga, na si haki kuipitisha kwa dhihaka. Baadhi ya wazee wetu walisema kwamba njia ile ni nyembamba na yenye utelezi. Watu hushikana mikono, nguo hupanda, na kundi la mchanganyiko huko msituni halina ustara. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inachodai ni mpangilio bora. Haimlazimishi mama abaki jikoni. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), wakiwa safarini. Humo humo imepokewa kwamba katika misafara yake alikuwa akibaki nyuma ya watu ili amsukume aliye dhaifu, ampakie nyuma yake na kumwombea dua. Msafara ulipangwa kwa kumtazama aliye nyuma. Sisi tumekuwa tukipanga kwa kuwatazama vijana wa mbele, wenye mapafu mapana, kisha tunashangaa kwamba nusu ya watu hawakufika.

Wapo pia waliosema kina mama wapelekwe Masoko badala yake. Masoko ni pazuri, hatukatai: ziwa dogo la volkano kusini mwa Tukuyu, gari linafika mpaka ukingoni, na palikuwa na boma la Wajerumani enzi za ukoloni. Wazee wetu wenye magoti mabovu tutawapeleka huko katika safari yao. Lakini aliyeomba Ngozi akapewa Masoko hakujibiwa ombi lake.

Basi kikao cha pili kimekata shauri kwamba tutapanda kwa mikupuo miwili, na wa kwanza ni wa kina mama. Tumewatanguliza kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kufika: asubuhi ndiyo ziwa huonekana. Mchana ukungu huweza kushuka na kulifunika shimo lote kama blanketi, mtu akasimama ukingoni asione hata mita ishirini. Ikitokea hivyo mwaka huu, watakaokuta ukungu ni sisi wanaume, na tutasubiri kama wengine walivyosubiri miaka yote.

Saa zenyewe ni hizi. Gari litaondoka msikitini saa moja na nusu asubuhi, na halitamsubiri mtu zaidi ya robo saa. Saa tatu mkupuo wa kwanza utaanza kupanda: kina mama, mabinti, na watoto waliotimiza miaka saba. Watakuwa na waongoza njia wenyeji, na kila mwenye mahramu anayetaka kumsindikiza ana ruhusa. Kina mama wamekwisha chagua amiri wao wenyewe, na neno lake kuhusu kupumzika au kugeuka litakuwa la mwisho. Tumemwomba jambo moja tu, kwamba atembee nyuma kabisa, asitangulie. Watakuwa wamerudi kabla ya saa saba. Baada ya swala na chakula mkupuo wa wanaume utapanda, na uwe umeshuka saa kumi na nusu. Saa kumi na moja gari linaondoka.

Kuhusu swala tumeulizwa mno, nasi tumelipeleka suala kwa imamu. Kutoka mjini hadi Ngozi hapafiki kilomita 50, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi huyakadiria masafa ya kupunguza swala kuwa marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei. Kwa hiyo hakuna kupunguza wala kukusanya kwa hoja ya usafiri. Adhuhuri ni rakaa nne, na Alasiri ni rakaa nne kwa wakati wake. Hapa Mbeya, kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi ilhali saa zetu ni sawa na za Dar es Salaam, Adhuhuri huingia kwa kuchelewa kidogo, karibu na saa saba. Alasiri huingia saa kumi hivi, na Magharibi itatukuta nyumbani in shaa Allah. (Watakaokwenda Masoko wasubiri fatwa yao, maana huko masafa yanakaribia mpaka.) Maji ya udhu tutayabeba kwa madumu. Ziwa liko chini ya ukuta wa mawe, hatutegemei hata tone lake.

Na hili tulisisitize: hakuna atakayeteremka kwenye maji. Ipo njia ya kushuka, lakini ni mwinuko wa kuogofya, mtu hujishikilia mizizi, na kupanda kwake kurudi ni kazi ya watu waliozoea. Vijana wetu wawili watatu wameanza kunong'ona. Wajue kwamba atakayeshuka atakuwa ameifunga safari ya mwakani kwa wenzake wote. Ukingoni kila mtoto atashikwa mkono, na picha zitapigwa mtu akiwa amesimama mbali na ukingo.

Mama mjamzito, mwenye pumu, mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo azungumze na daktari wake kwanza, asituulize sisi. Anaweza kuja na asipande. Kwa hao, na kwa wazee watakaopenda kufuatana nasi, tutafunga turubai na kuweka viti, na gari dogo litakuwapo la kuwapeleka Kiwira kuliona Daraja la Mungu, lile daraja la mawe lililojengwa na uji wa volkano juu ya mto, kisha liwarudishe kabla ya Adhuhuri. Wasikae tu wakihesabu saa.

Mavazi yawe ya stara na ya mlima kwa pamoja, jambo ambalo si gumu kama linavyosemwa. Jilbabu isiyoburura, suruali pana ndani yake, soksi na raba zenye meno. Ndala na viatu vya kutumbukiza vibaki nyumbani. Kanzu ndefu kwa wanaume vivyo hivyo. Tumeona mwenye kanzu akianguka mara nyingi kuliko mwenye buibui. Sweta ni lazima, hata jua likiwaka mjini.

Chakula ndicho kilichokuwa kizito kuliko fiqhi. Tukiwaambia kina mama wapande saa tatu na chakula kiive saa saba, ni nani atakayekuwa jikoni? Kamati imeamua pilau lisipikwe huko. Kila kaya itabeba chakula kilichopikwa usiku: chapati, mayai, ndizi, sambusa. Chai na viazi vya kuchemsha vitaandaliwa na wanaume, na viazi tutavinunua Isongole, maana hakuna haja ya kubeba viazi kwenda kwenye shamba la viazi. Mabaki na taka zote tutarudi nazo. Ule ni msitu wa hifadhi.

Tungependa watoto wapande wakijua wanachokipanda. Wazazi wawaeleze kwamba mlima ule ulitapika, yapata miaka elfu kumi iliyopita, mawe mepesi yenye vitundu yaliyotawanyika nchi nzima ya Uporoto, na kwamba mlipuko wa mwisho unaojulikana haujafikisha miaka elfu moja. Udongo unaowapa viazi vya Isongole umetokana na majivu hayo. Chini ya ziwa bado pana joto. Ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wamekuwa wakilichunguza eneo hilo kwa ajili ya umeme, na ndiyo maana maji yake yana chumvi ndani. Wilaya hiyo hiyo ya Rungwe huvunwa gesi ya kaboni dioksidi kutoka ardhini, ile inayotiwa kwenye soda. Wakibahatika watamwona mbega, au kinyonga mwenye pembe tatu ambaye makao yake ni milima hii ya kusini. Wamtazame, wasimshike.

Fedha za safari hazitachanganywa na sanduku la msikiti. Mhazini amefungua daftari la peke yake. Kila mchango una risiti, na hesabu itabandikwa ubaoni wiki moja baada ya kurudi. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo atakayechelewa kutoa jina hatuwezi kumwingiza getini kwa maneno. Mwenye uwezo wa kumlipia yatima au mjane nafasi moja anaweza kufanya hivyo kwa mhazini, na jina la mlipiwa halitaandikwa popote.

Limebaki jambo moja halijakamilika. Mkupuo wa kwanza ukiwa mlimani, watoto wa chini ya miaka saba watabaki chini ya turubai na baba zao, kwa muda wa saa nne: maziwa, nepi, vilio na yote. Tumefungua orodha ya akina baba watakaowaangalia. Hadi tunapoandika makala hii watoto waliosajiliwa ni kumi na wanane, na akina baba waliojiandikisha ni sita, wawili kati yao wakiwa wajumbe wa kamati ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Daftari liko kwa katibu, mlango wa kusini, kila siku baada ya Ishaa.