Ituri: Fedha za misaada zafika Bunia, mashirika ya wenyeji yabaki mwisho wa foleni

Januari 2025, Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, athari zake hazikuchelewa kufika Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, Marekani pekee iligharamia karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2024. Machi 2025 Washington ilitangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya shirika lake la maendeleo, USAID. Julai 1 shirika hilo likakoma kutoa misaada.

Mashirika mengi madogo yasiyo ya kutafuta faida, yale yanayojulikana nchini Kongo kama ASBL, hayakuwa na mkataba wowote na Washington. Yalikuwa yakipokea fedha kutoka kwa shirika la kimataifa, ambalo nalo lilipokea kutoka kwa mfadhili au kwa wakala wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa juu ulipokatwa, wa chini ukafa nao.

Ndiyo maana swali linaloulizwa sasa Bunia halihusu tu wapi pa kupata ruzuku nyingine. Linahusu pia kwa nini shirika la mwenyeji, ambalo ndilo linalofika kijijini, huwa la mwisho kupata fedha na la kwanza kuzikosa.

Ahadi ya Istanbul

Ahadi ya kurekebisha hali hiyo ina umri wa miaka kadhaa. Mei 2016, katika mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu mjini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ziwe zinawafikia watendaji wa nchi husika, kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda huo kupita, fedha zilizowafikia moja kwa moja duniani zilikadiriwa kuwa asilimia 1.2 tu.

Katika jimbo kama Ituri pengo hilo lina uzito wa pekee. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa na Rais Félix Tshisekedi. Wanamgambo wa CODECO wameshambulia vijiji na kambi za wakimbizi wa ndani katika wilaya ya Djugu, na waasi wa ADF wameua raia katika wilaya za Irumu na Mambasa. Barabara inapofungwa, magari ya mashirika makubwa hurudi Bunia. Wanaobaki ni watu wa hapo hapo: muuguzi, mwalimu, mama wa kikundi cha akina mama, kijana wa kamati ya amani. Wengi wao wamo katika mashirika haya madogo.

Makaratasi kwanza

Kikwazo cha kwanza ni hadhi ya kisheria. Sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001, inayosimamia mashirika haya, inataka hadhi hiyo itolewe na Waziri wa Sheria, baada ya maoni ya wizara inayohusika na kazi ya shirika. Sheria yenyewe si kali: maoni mazuri ya wizara hiyo huhesabiwa kuwa kibali cha muda cha miezi sita, na muda huo ukipita bila jibu, hadhi huchukuliwa kuwa imetolewa.

Lakini mfadhili hasomi kifungu hicho jinsi mwanasheria anavyokisoma. Anataka kuona karatasi yenye sahihi ya waziri. Karatasi hiyo iko Kinshasa, upande wa pili wa nchi, ambako msafiri kutoka Bunia huenda kwa ndege. Shirika lisilo na mtu wa kufuatilia faili lake katika mji mkuu linaweza kufanya kazi miaka mingi likiwa halina sifa ya kuomba hata ruzuku ndogo.

Mfuko wa pamoja

Mlango muhimu zaidi uliobaki ni Mfuko wa Kibinadamu wa Kongo, unaosimamiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, OCHA. Wafadhili huweka fedha katika kapu moja, kisha mashirika, yakiwemo ya kitaifa, huomba. Umuhimu wake uliongezeka Disemba 2025, Marekani ilipoahidi dola bilioni 2 kwa mifuko ya aina hii, Kongo ikiwa miongoni mwa nchi zilizolengwa.

Mfuko huu huyafanyia mashirika tathmini kabla ya kuyapa fedha. Hukagua hesabu, uongozi na uwezo wa utekelezaji, kisha huyapanga kwa viwango vya hatari. Kiwango hicho ndicho huamua shirika linaweza kupewa kiasi gani na kwa awamu ngapi. Hapo ndipo ugumu ulipo: ili lipewe fedha nyingi, shirika linapaswa kuonyesha kwamba limewahi kusimamia fedha nyingi.

Wafadhili nao wana sababu zao. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri uliua zaidi ya watu 2,200 na kuleta fedha nyingi kwa haraka, hadi wakazi wakaanza kuzungumzia “biashara ya Ebola”. Tathmini huru iliyotolewa mwaka 2020 kuhusu sekta ya misaada nchini ilieleza mianya ya rushwa katika ajira, zabuni na uteuzi wa washirika. Mianya hiyo ilikuwa katika mnyororo mzima, yakiwemo mashirika ya kimataifa. Hata hivyo, ukaguzi unapokazwa, mzigo wake huwa mzito zaidi kwa shirika lenye mhasibu mmoja.

Fedha za mradi, si za shirika

Hata shirika likifaulu, kuna tatizo la gharama za uendeshaji. Mfuko wa Kibinadamu huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi kwa ajili hiyo. Kwa mradi wenye gharama za dola 100,000, hiyo ni dola 7,000. Kiasi hicho hakiendi mbali katika kodi ya ofisi, mafuta ya jenereta na mishahara. Fedha zikipitia shirika la kati, hata hiyo asilimia 7 hugawanywa.

Matokeo yake yanajulikana. Mradi unapokwisha, wafanyakazi hutawanyika. Mhasibu aliyejifunza kazi katika shirika dogo huchukuliwa na shirika kubwa lenye mshahara mzuri. Mwito mpya wa maombi unapotolewa, kwa Kifaransa na kwa majuma machache, hakuna wa kuandika andiko.

Mfano uliotoka Bunia

Njia nyingine ipo, na mizizi yake iko Ituri. Shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa na wanawake wa Bunia wakati wa vita, lilijenga kituo cha afya cha Karibuni Wa Mama kwa ajili ya manusura wa ukatili wa kingono. Mwaka 2007, Julienne Lusenge, mmoja wa waanzilishi wake, alishiriki kuunda Mfuko wa Wanawake wa Kongo. Mfuko huo huomba fedha kwa wafadhili wakubwa na kuzigawa kwa vikundi vya wanawake ambavyo vingeshindwa kuomba vyenyewe. Mwaka 2023 Lusenge alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Tofauti yake na mnyororo wa kawaida ni kwamba anayesimama katikati ni Mkongo anayeijua sheria ya nchi na lugha ya kikundi kinachoomba.

Fedha za ndani ni nyongeza, si mbadala. Vikundi vingi vina likelemba, mchango wa zamu unaomsaidia mwanachama kulipa karo au dawa. Lakini likelemba haiwezi kulisha kambi ya wakimbizi wa ndani kama Kigonze, iliyoko Bunia, wala kugharamia upasuaji wa majeruhi.

Kwa hiyo kinachosubiriwa Ituri ni mgawo wa fedha mpya za mfuko wa pamoja: kiasi gani kitaelekezwa jimboni humo wakati macho mengi yako Goma na Bukavu, na ni sehemu gani itaandikwa katika mkataba wa shirika la Bunia kwa jina lake. Asipolipwa mhasibu wa shirika hilo mwaka huu, mwakani hakutakuwa na wa kumkabidhi mradi.