Mtoto Apendaye Vinyonga



Mama mmoja wa Muheza ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka tisa. Kila akitoka kuokota kuni hurudi na kinyonga begani. Mama mkwe anasema kinyonga huleta mkosi nyumbani, baba ameahidi viboko, na mama mwenyewe anaogopa sumu. Anauliza, je, amkataze?

Dada yangu, mimi nilizaliwa upande wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na nimewashika vinyonga tangu nikiwa na umri wa mwanao. Kinyonga hana sumu. Akibanwa sana aweza kuuma, nako ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Macho yake hutazama kila moja upande wake, na ulimi wake akiurusha huwa mrefu kuliko mwili. Rangi haibadilishi kwa kujificha tu kama tulivyofundishwa. Hubadilika pia kwa hasira, kwa baridi, na akimwona mwenzi. Kwetu yupo mwenye pembe tatu, naye ni dume. Jike lake halina hata moja. Yupo pia mdogo kama kidole, mfano wa jani kavu, akaaye chini kwenye majani yaliyoanguka.

Wanaomdharau wajue kwamba wapo wanaomnunua kwa fedha nyingi. Januari 2021 maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walimkamata msafiri mwenye vinyonga 74 wa Usambara, aliowaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Thamani yao ilikadiriwa kuwa kiasi cha yuro 37,000. Basi asije mtu akamwahidi mwanao shilingi elfu moja kwa kila kinyonga, naye kwa kupenda wanyama akajikuta mtumishi wa wafanya magendo.

Kwa hiyo mimi simkatazi. Amtazame, amshike kidogo, kisha amrudishe kwenye mti alipomtoa. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, tena kinyonga akifungiwa hufa upesi. Halafu anawe mikono kwa sabuni. Mijusi, kobe na vinyonga hubeba vijidudu vya salmonela hata wakionekana wazima, navyo huleta kuhara na homa kali, hasa kwa watoto wadogo. Ikiwa nyumbani kuna mtoto mchanga, kaka asimbebe kabla ya kunawa.

Mwambie pia ainue macho juu. Katika misitu ya Amani wapo hondohondo wakubwa, ambao sauti ya mabawa yao husikika kabla hujawaona. Jike akitaka kutaga huingia katika tundu la mti mrefu, na mlango huzibwa kwa udongo anaoletewa na dume, mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Hukaa humo zaidi ya miezi mitatu, na chakula chote huletwa na mumewe, akikitapika tunda baada ya tunda. Bwana Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani tangu 1928, pamoja na mkewe Winifred, waliwachunguza ndege hao na kuchapisha habari zao mwaka 1941. Inakadiriwa kwamba dume huleta matunda yapata 24,000, katika safari 1,600, kwa uzazi mmoja tu! Nilipowaeleza akina mama kliniki hesabu hiyo walicheka sana, wakaomba niirudie siku waume zao watakapokuwapo.

Nyoka ni jambo jingine. Hapa mtoto asipewe uhuru hata kidogo, na hata nyoka aonekanaye amekufa asiguswe. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Nilimpokea wodini msichana wa miaka sita aliyetemewa machoni na swila alipokuwa akitafuta mayai chini ya kichanja. Nyumbani walimtia maji ya majani yaliyopondwa, wakangoja apone. Aliletwa siku ya tatu. Jicho la kulia lilikuwa limefanya kidonda kwenye kioo chake, na halikuona tena. Akina mama, sumu ya swila huoshwa kwa maji safi mengi, pale pale, bila kungoja mtu mzima arudi shambani. Fumbua kope, mimina maji polepole kwa muda mrefu, mtoto asifikiche macho. Usitie majani, wala mafuta ya taa, wala dawa ya macho iliyobaki ya jirani. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Akiumwa na moma, ambaye wengine humwita kifutu, au na nyoka mwingine yeyote, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni halitoi sumu. Vua pete, bangili na shanga upesi kabla mguu au mkono haujavimba. Funga kijiti au ubao kandokando ya mguu ili usitikisike, na mgonjwa asitembee, hata akisema anaweza. Akianza kutapika au kulegea, mlaze kwa ubavu. Usipoteze muda kumsaka nyoka ili umpeleke kwa daktari. Wengi wameumwa mara ya pili kwa njia hiyo.

Kwa pikipiki, mgonjwa akae katikati, na mtu mzima nyuma yake amshikilie. Na jambo hili lifanyeni wiki hii: ulizeni ni hospitali gani iliyo karibu nanyi inayoweka dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, kwa kuwa si kila zahanati inayo, na usiku wa saa nane si wakati wa kuanza kuuliza.