Fundi, pima kwanza ndo upasue injini!

Najua nimepotea, majaribio yalibana na bumu likachelewa kama kawaida yake. Leo sina stori za hosteli. Leo nataka niwaseme mafundi pikipiki, hasa wa kule nyumbani Manyamanyama, Bunda. Na nyie wa Manzese msicheke, mnajijua.

Hivi nani aliwafundisha kwamba pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, au ikichoka kwenye kilima, dawa yake ni kupasua injini? Fundi anapiga kiki mara mbili, anatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema: "Hii kompresheni imeisha, lete pistoni na ringi." Kwisha habari. Imeisha kutoka ngapi mpaka ngapi? Hakuna namba. Mguu wake ndo kipimo.

Baba yangu mdogo ni bodaboda, chombo ni cha tajiri, hesabu inapelekwa kila wiki upende usipende. Fundi mmoja (simtaji) akamshusha injini, ikakaa siku tatu kwenye beseni la mafuta ya taa. Bloki ikachongwa, ringi mpya, pistoni mpya. Ikafungwa, kiki bado nyepesi vile vile! Fundi wa pili akafungua vifuniko vya tapeti tu: zimekazwa mno, valvu ya eksozi haifungi mpaka mwisho, upepo unatoroka. Kumbe yule wa kwanza anakaza tapeti kwa kukadiria, eti injini isipige kelele. Fila, spana, bisibisi, dakika kumi. Chombo kikawaka. Hela ya pistoni ndo imekwenda hivyo, na hesabu ya wiki ile ikawa deni.

Na hizi injini hazina uchawi wowote. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, valvu zinasukumwa na fimbo, imetengenezwa ivumilie shida, na makampuni ya China yameinakili mpaka basi. Nyingi ya zile za kabureta zinazozeeka vijiweni kwetu ni watoto na wajukuu wa hiyo injini. Tapeti zake zinataka nafasi ndogo sana, milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi. Mkono wa binadamu haupimi 0.08, tusidanganyane.

Kupima kompresheni kwenyewe ni hivi. Washa injini ipate joto kama inawaka, zima swichi, toa plagi, funga geji kwenye tundu lake. Choki iwe wazi, halafu (hapa ndo wengi wanachemsha) zungusha mafuta mpaka mwisho uyashikilie hapo. Usipofanya hivyo kile kipistoni cha kwenye kabureta kinaziba njia, silinda inakosa hewa ya kugandamiza, geji inasoma chini, na wewe unahukumu injini nzima. Piga kiki mpaka mshale ugome kupanda. Andika namba.

Namba ikiwa ndogo bado usishike spana ya kufungulia hedi. Angalia tapeti kwanza. Kama ziko sawa, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda vizuri, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Ila jamani oili KIDOGO! Injini ya CC 125 yenye uwiano wa 9 kwa 1, ile nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni kama CC 15 au 16 tu. Kijiko cha chai ni CC 5. Ukikimwaga chote umejaza theluthi ya chumba, mshale utapanda hata kama ringi ni nzima. Chukua bomba la sindano, CC 1, isizidi 2.

Kingine ambacho sijamsikia fundi hata mmoja akikisema: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bunda iko juu kidogo ya ziwa. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 13. Injini ile ile inayosoma PSI 150 hapa pwani, ukiipeleka Manyamanyama itasoma kama 130, na ni nzima kabisa! Sasa ukija na namba za kwenye kitabu au za fundi wa Dar, utapasua injini za watu bure.

Najua mtasema geji ni ghali, na fundi mzoefu anasikia kwa sikio. Sikio naliheshimu, kuna wazee wanasikia beringi inayoanza kulia kabla mwenye pikipiki hajajua. Lakini mguu hautofautishi 95 na 130. Na mbona kwenye homa tulikubali? Zamani kila mtoto mwenye joto alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema pima kwanza ndo utibu, na leo zahanati zetu zinatoboa kidole kabla ya kuandika dawa. Hakuna aliyesema muuguzi hana uzoefu. Geji moja bei yake haifiki mbali na hiyo pistoni mnayowanunulisha watu bila sababu, na kijiwe kizima kinaweza kuchangia moja. Msiazime tu ile ya gari yenye mpira mrefu. Kama haina valvu kwenye ncha, hewa ya injini ndogo inaishia kwenye mpira na namba inakuwa ya uongo.

Na nyie wenye vyombo, fundi akisema kompresheni imeisha mwambieni aonyeshe mshale. Akikasirika, sukuma chombo kijiwe cha pili.

Bumu likitoka nanunua geji ya nyuzi milimita 12, plagi ya CG inaingia hapo. Likizo naenda nayo Bunda. Baba mdogo keshaniuliza mara mbili.