Sahihi ya Mzazi Haifuti Wajibu wa Kumlinda Mtoto

Yanapokaribia mapumziko ya shule, watoto wetu wa Kimandolu na maeneo mengine ya Jiji la Arusha hujiandaa kwa safari: kongamano la vijana, semina ya Utoto Mtakatifu, hija, au ziara katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha chini ya Mlima Meru. Pamoja na orodha ya mahitaji, mzazi hupewa fomu ya kutia sahihi. Baadhi ya fomu hizo huwa na sentensi isemayo kwamba mzazi anakubali hatari zote na hatadai fidia yoyote iwapo mtoto ataumia. Wengi hutia sahihi bila kuuliza, kwa sababu asiyetia sahihi mtoto wake atabaki nyumbani.

Yafaa tutambue kuwa fomu hiyo imebeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni ridhaa: mzazi anajua mtoto anakwenda wapi, na nani, na anaruhusu atibiwe akiugua. Hilo ni jambo jema na la lazima. La pili ni kuachilia madai: mzazi anaambiwa asamehe mapema uzembe ambao bado haujatokea. Hili la pili ndilo linalohitaji kupimwa kwa sheria na kwa dhamiri.

Mkoa wetu unajua uzito wa jambo hili. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi lililowabeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia bondeni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Tangu siku ile, hakuna mzazi wa Arusha anayeweza kusema kwamba safari ya watoto ni jambo dogo.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka anayefunga mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, na inabatilisha makubaliano yanayopingana na maslahi ya umma. Mtoto hawezi kujifungia mkataba wa namna hiyo, na mwandaaji wa safari asidhani kuwa sahihi ya mzazi ni ukuta usiopenyeka mbele ya hakimu. Wala makubaliano ya watu wawili hayaizuii Jamhuri kumshtaki dereva aliyeendesha kwa uzembe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki inamkataza mfanyabiashara kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani fomu kama hizi huheshimiwa zaidi, lakini huko pia uzembe uliokithiri kwa kawaida haufunikwi na sahihi.

Hata pale ambapo fomu ina nguvu, fomu si bima. Fomu hailipi daktari, hainunui mguu wa bandia, haimsomeshi yatima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya dhima kwa mtu wa tatu anayekufa au kuumia, ile tunayoiita bima ndogo. Lakini ulinzi kwa abiria hutegemea matumizi ya gari yaliyoandikwa katika mkataba wa bima. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi binafsi, kisha likabeba watoto kwa nauli au kupita idadi yake, linaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Na anayekwenda hija Namugongo kupitia Namanga aulize pia kama basi lina Kadi ya Njano ya COMESA, inayobeba bima ya mtu wa tatu nje ya mipaka yetu.

Ipo hati nyingine ya kuiogopa zaidi, ile inayoletwa baada ya ajali. Majeruhi huombwa kutia sahihi kwamba amepokea malipo ya mwisho na hana dai tena. Asiisaini akiwa wodini, kabla daktari hajajua ukubwa wa jeraha. Ahifadhi fomu ya polisi ya PF3 na stakabadhi za matibabu. Kwa kawaida, shauri la madhara linalotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Anayegombana na kampuni ya bima anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mafundisho ya Kanisa yanakwenda mbali kuliko sheria za nchi. Katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida anatendewa kwa mabavu, ingawa amekubali. Hoja hiyo inamgusa pia mzazi anayetia sahihi kwa kukosa njia nyingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba azungushie dari yake ukingo, ili mtu asianguke. Haimwambii awaandikishe wageni kwamba wakianguka ni shauri yao. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 128, inamwajibisha kila anayemdhuru mwingine isivyo halali, kwa nia mbaya au kwa kosa lake, kulipa madhara hayo.

Kwa hiyo, parokia, shule na vyama vya kitume vinavyoandaa safari vianze na ukingo, si na karatasi. Halmashauri ya walei iulize: bima ya gari ni ya aina gani na inaisha lini? Inawafunika abiria wangapi? Dereva amepumzika? Nani atalipa hospitali usiku wa kwanza? Stika ya bima ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Fomu ibaki na ridhaa, simu za wazazi na taarifa za afya, na sentensi ya kuachilia madai iondolewe. Mahali pake paandikwe jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba wake. Mzazi naye asione aibu kuuliza kabla ya kutia sahihi: kumuulizia mtoto usalama wake si kukosa imani kwa paroko wala kwa mlezi.