PUNDA ALIYEJUA KUSOMA

Wengi wetu tunakikumbuka kitabu cha George Orwell kilichotoka Uingereza mwaka 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alitufasiria mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Kikitajwa, fikira zetu huwakimbilia nguruwe: jinsi walivyohamia katika nyumba ya bwana, wakalala vitandani, wakanywa pombe, na mwishowe wakasimama kwa miguu miwili wakishika mijeledi. Tunacheka, kisha tunanong'onezana jina la mkubwa fulani. Sisi twaona yuko mnyama mwingine anayestahili kuhojiwa kabla ya nguruwe.

Walipomfukuza Bwana Jones, wanyama wale walilazimika kuishi kama binadamu: kujitawala, kutunga sheria, kujifunza kusoma. Lakini maarifa hayo hawakuyapata kwa kipimo kimoja. Boxer, farasi aliyewashinda wote kwa nguvu, hakuvuka herufi ya nne. Clover alizijua herufi zote asiweze kuziunganisha zikawa maneno. Kondoo waliishia herufi ya kwanza. Wakafundishwa kauli moja, wakaipiga kelele kila ilipozuka hoja ya maana. Sheria saba zikaandikwa ukutani, na usiku zikaongezwa maneno. Hata Squealer alipoonekana ameanguka pamoja na ngazi na kopo lake la rangi, karibu wote hawakuelewa.

Punda Benjamin alielewa. Alisoma sawasawa na nguruwe yeyote, ila alishikilia kwamba hakuna lolote linalostahili kusomwa. Clover alipomwomba amsomee sheria ya sita, alikataa, eti hataki kujiingiza katika mambo hayo. Siku alipopaza sauti na kusoma, maandishi yenyewe yalikuwa ubavuni mwa gari la mchinjaji, na Boxer amekwisha kupakiwa ndani.

Juni 1982, Bunge letu lilipopitisha Kifungu cha 2A na kuifanya KANU chama pekee kisheria, nchi hii haikukosa wasomi. Mawakili walikuwapo, walimu walikuwapo, na makasisi pia. Wachache walikataa, na baadhi yao wakaonja kizuizi. Wengine walitikisa kichwa, wakarudi kazini. (Tukiri kwamba hata katika kamati zetu Benjamin hakosi kiti.) Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba tawala za chama kimoja zingeanguka hapa kama zilivyoanguka Ulaya ya Mashariki. Ukuta ulikuwa umesomwa kwa sauti. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991.

Ukuta wetu wa leo ni Katiba ya 2010, nayo inapatikana kwa Kiswahili. Twamwuliza kila mwalimu, karani na mzee wa kanisa mwenye kijarida hiki mkononi: tangu mwaka huu uanze, umemsomea nani hata kifungu kimoja?