Ushuru umekwisha kupita fungu la kumi

Neno 'ushuru' tulilipata kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Kwa maana hiyo ya kale, aliyefika forodhani na magunia kumi aliacha moja akaondoka na tisa. Mimi ni mtu wa isimu, si mchumi, wala sidai kwamba asili ya neno inamfunga Waziri wa Fedha. Hata hivyo, nimekuwa nikijiuliza ni magunia mangapi yanayosalia mikononi mwa mchuuzi wa Kenya baada ya kila mwenye kitabu cha risiti kuchukua lake.

Na wenye vitabu vya risiti ni wengi. Mfanyakazi hukatwa kodi ya mapato ambayo, tangu Julai 2023, hufika asilimia 35 kwa wenye mishahara minono. Hukatwa pia asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, mbali na akiba ya uzeeni. Akienda dukani na kilichobaki, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inamngojea rafuni. Mafuta ya gari lililoileta bidhaa ile dukani nayo yalipandishiwa kodi hiyo kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka uo huo wa 2023.

Lakini sikushika kalamu kumlilia mwenye mshahara. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, tena mshahara wangu watoka katika hazina hiyo hiyo inayojazwa na kodi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajaendelea kunisikiliza. Anayenitia uchungu ni mchuuzi mdogo.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi inayotozwa mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Inawahusu wanaouza bidhaa za zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25. Asilimia 3 yaonekana ndogo kwa mtu aliye mbali na soko. Basi na tumchukue mama mwenye kibanda cha nafaka anayeuza bidhaa za shilingi 100,000 kwa mwezi. Amezinunua kwa 88,000, akatumia 4,000 kwa nauli na pango la kibanda. Faida yake ni 8,000. Kodi haitazami faida hiyo; hutazama zile 100,000, na kudai 3,000. Zaidi ya thuluthi moja ya jasho lake imekwenda. Na mwezi ambao mchele umeharibika akapata faida ya 2,000 tu, kodi ni zile zile 3,000, nazo itambidi azitoe katika mtaji.

Kampuni kubwa hutozwa asilimia 30 ya faida, na isipopata faida haitozwi kodi hiyo. Serikali iliwahi kujaribu kuzitoza kampuni asilimia 1 ya mauzo hata zinapopata hasara, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha kodi hiyo. Kampuni zilikuwa na mawakili. Kweli, sheria inamruhusu mwenye kibanda kuomba atozwe kwa kadiri ya faida, lakini sharti aweke vitabu vya hesabu vitakavyomridhisha mkaguzi, na gharama ya kumlipa mhasibu inaweza kuipita kodi yenyewe.

Hayo ni ya kodi. Vibali ni shauri jingine. Kinyozi anayetaka kufungua chumba chenye viti viwili na kioo hutarajiwa kuwa na kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, ruhusa ya kutundika ubao wenye jina lake, na akiwasha redio ili wateja wasisinzie, leseni ya muziki. Kila karatasi ina ada yake na afisa wake, na kila afisa ana siku yake ya kupita. Yapo maeneo ambako vibali vimeanza kuunganishwa, nami napongeza, ingawa kuziandika ada tano katika risiti moja hakuzipunguzi hata senti.

Nilipokuwa mtoto, mwaka 1992, mahindi hayakuruhusiwa kusafirishwa ovyo kutoka wilaya moja hadi nyingine. Ilihitajika kibali cha Bodi ya Nafaka na Mazao. Mama yangu alikuwa akiwapelekea dada zake mahindi kutoka Kitale hadi Kakamega, nayo aliyatia chini ya viazi vitamu ndani ya kikapu, mimi nikakalishwa juu ya kikapu. Kwenye kizuizi cha barabara ya kuelekea Webuye, askari aliingia matatuni, akanitazama, akakitazama kikapu, kisha akamwambia mama kwa upole, "Mama, huyu mtoto amekalia nini?" Mama alitoa noti, askari akashuka. Hakuna kibali kilichoandikwa, wala senti iliyoingia katika hazina ya taifa. Mwishoni mwa 1993 masharti yale yaliondolewa. Mahindi yakaanza kusafiri mchana kweupe, nami nikapata kiti cha kawaida.

Naikumbuka safari hiyo kila nikisikia madereva wa malori ya nyanya na vitunguu. Lori likitoka Loitokitok kuelekea Mombasa, hupita Kajiado, Makueni, Taita Taveta, Kwale na Kilifi kabla ya kufika Kongowea. Kwa jumla tuna kaunti 47, na ushuru wa mazao ni mojawapo ya mapato yanayotamaniwa sana na serikali za kaunti. Madereva hulalamika kwamba risiti waliyopewa walikopakia haiheshimiwi huko mbele, na wakati wakibishana vizuizini nyanya haziachi kuiva. Anayeyalipia hayo yote hatimaye ni mnunuzi wa Mombasa pamoja na mkulima wa Loitokitok, kila mmoja kwa upande wake, kwani mlanguzi hawezi kuyabeba peke yake. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yao au usafirishaji wa bidhaa nchini. Maandishi yapo wazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyasoma kwa sauti barabarani.

Watetezi wa kodi watauliza: shule zitajengwa kwa nini, na deni la taifa litalipwa na nani? Ni maswali ya haki. Wala sipendekezi kila kanuni itupwe jaani. Nimeona majengo yaliyoporomoka juu ya wapangaji, na pombe iliyowapofua vijana. Hapo nataka mkaguzi mkali kuliko wa leo. Ninachouliza ni kama tozo ya ziada huleta fedha, au huwafukuza watu wakajifiche chini ya viazi.

Tuitazame M-Pesa. Ilipoanza Machi 2007 hapakuwa na sheria mahususi ya kutuma fedha kwa simu. Benki Kuu ingeweza kusema ngojeni hadi sheria itungwe, na mabenki yangefurahi. Badala yake iliiruhusu ianze huku ikiichunguza. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Biashara ilikwisha kukua. Ndipo kodi nazo zikaja: ada za kutuma fedha zikatozwa asilimia 10 mwaka 2013, 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Sijui kama mti huo ungaliota iwapo ungelimwagiwa asilimia hizo ukiwa mche.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha uliotaka, pamoja na mengine, mkate utozwe asilimia 16. Watu waliuawa, Bunge likavamiwa tarehe 25, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Sioni sababu ya kungoja msiba mwingine ndipo tuanze kupunguza. Mazao yatozwe mara moja, mahali yalikopakiwa, na risiti hiyo iheshimiwe hadi sokoni. Kila leseni ipewe muhula, na afisa anayetaka iendelee ndiye aeleze mbele ya watu inamkinga nani.

Waziri wa Fedha atakaposimama Bungeni na mkoba wake Juni ijayo, sitasikiliza mengi. Nitaangalia kama ile asilimia 3 imeshuka, na kama yule mama wa nafaka amekubaliwa kutozwa faida bila ya kuajiri mhasibu.