Betri Mbili za Dukani

KIBARAZANI, na Jumbe Msumari

Sina ugomvi na setilaiti. Zile za Wamarekani, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na ambazo leo hupata 30 zilizo kazini, huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 na ushei juu ya vichwa vyetu, usiku na mchana, wala hazimtozi hata senti moja mtu anayezisikiliza. Na pamoja nazo zipo za Warusi, za Umoja wa Ulaya na za Wachina, zote zikimwaga habari zao juu ya mashamba ya Muheza sawasawa na zinavyozimwaga juu ya majumba ya Washington. Ugomvi wangu ni na mwanadamu anayekwenda dukani kuchagua chombo cha kuzisikilizia, na ambaye, kwa kuwa simu imemharibu macho, hushika kwanza kile chenye kioo kipana na rangi za kumetameta, asiulize kinakula nini wala kinaijua nchi gani. Nasema mapema, ili msomaji wangu wa Pangani apate wasaa wa kutosha kunoa kalamu yake: chombo cha GPS cha mkononi kisichokubali betri zinazouzwa katika duka la kijiji, na kisicho na ramani ya mahali kinapopelekwa, ni pambo, na makazi ya pambo ni sebuleni.

Wiki hii nimeliona pambo la namna hiyo likitolewa sebuleni na kupelekwa shamba. Mpwa wangu, yule wa feni inayotii sauti, ambaye habari zake wasomaji wa kibaraza hiki wanazijua kiasi cha kunihurumia, alinijia Jumatano na kisanduku cheusi mkononi, akaniamkia, akanitaka radhi kwa kunikatizia kahawa, kisha akasema, “Mjomba, leo utakubali.” Alikuwa ameletewa chombo na rafiki yake kutoka Ujerumani, ambako kilinunuliwa kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwastahi wazazi wake, na kwa kuwa jamaa zetu wa upande wa Muheza walikuwa wamekubaliana, baada ya kununiana kwa muda mrefu, kuujua ukubwa wa shamba la mirathi lililo chini ya vilima vya Amani kabla ya kumwita mpima ardhi kwa malipo, yeye alijitolea kulizunguka shamba hilo toka kona hata kona, na chombo chenyewe kitaje ekari.

Kazi hiyo vyombo hivi huiweza, nami simlaumu kwa nia yake. Ila yampasa mwenye chombo kukumbuka kwamba chini ya anga wazi hukosea mita tatu, tano, wakati mwingine zaidi, na chini ya miti mikubwa makosa hayo huzidi. Kwa hiyo hufaa kukadiria ukubwa wa shamba, wala hakifai hata kidogo kuamua mkarafuu uliosimama mpakani ni wa mrithi gani. Mpwa wangu alikuwa ameahidi yote mawili. Tulipofika shambani, warithi walikwishakusanyika tangu asubuhi, wamevaa kanzu na kanga za kutokea, maana walidhani wanakuja kuhukumiwa.

Alipokiwasha, chombo kilinyamaza. Chombo kilicholala majuma mengi na kusafirishwa bara hata bara hupoteza hesabu ya setilaiti zilizo juu yake, na orodha kamili ya setilaiti hizo hutumwa kutoka angani polepole mno, ikichukua dakika 12 na nusu kutimia; dawa yake ni kukiweka mahali peupe, kwa utulivu, na mtu kuendelea na mazungumzo yake. Mpwa wangu hakuwa na habari hiyo, na basi akawa anakitikisa, akikiinua na kukishusha chini ya mdalasini, kama mtu anayewinda mtandao wa simu kijijini kwa bibi yake, huku shangazi mmoja akiuliza kwa sauti ya chini, ambayo sote tuliisikia, kama mashine ile haikuhitaji kusomewa dua.

Hatimaye kiliamka, na kioo kikafunguka kwa nuru nzuri, siwezi kukana. Ndani ya nuru hiyo hapakuwa na kitu. Palikuwa na uwanja mtupu wenye rangi ya maziwa, na mstari mmoja wa barabara kuu ukipita mbali. Mpwa wangu aliukuza uwanja kwa vidole viwili, akaukuza tena, na utupu ukazidi kuwa mkubwa. Hapana mto, hapana kilima, hapana hata njia ya gari tuliyokuja nayo. Ndipo alipopekua matumbo ya chombo na kugundua kwamba ramani kamili kumbe ilikuwamo, tena ya ajabu kwa uzuri wake, yenye vijia vya miguu, chemchemi, vibanda vya wapanda milima na mistari ya miinuko, yote kwa majina yake. Ilikuwa ramani ya Bavaria. Chombo kinachouzwa Ulaya aghalabu hupakiwa ramani za Ulaya, jambo la insafu kabisa kwa Mwulaya, na anayekileta huku bila ya kuuliza hana wa kumdai.

Nilikuwa bado nastaajabia jinsi Wajerumani walivyozihesabu chemchemi zao, betri ikaanza kuonyesha wekundu. Kioo kikubwa chenye nuru hunywa sana, na betri yenyewe ilikuwa ya kujengewa ndani, haitoki wala haibadilishwi, ila huchajiwa kwa tundu la mtindo wa kale ambalo waya wake ulikuwa umesahauliwa Tanga mezani. Mifuko ikapekuliwa. Zilitoka waya za simu za kila kabila, pana na nyembamba, nyeupe na nyeusi, moja imefungwa kwa utepe wa fundi umeme, na kila moja ikajaribiwa kwa matumaini, na kila moja ikakataa. Chombo kikatoa mlio mmoja mfupi, kikazima, na warithi wakatazamana kwa ile furaha ya siri ambayo ndugu huwa nayo ndugu yao anapoaibika.

Hapo alisogea mzee mmoja, jamaa wa marehemu, aliyetumika miaka mingi katika mambo ya misitu na ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike. Kutoka katika mkoba wa turubai alitoa chombo cha manjano kilichochubuka, kifuniko chake cha nyuma kimekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli: ni katika zile eTrex za kwanza za Garmin, zilizotoka mwaka 2000, zenye kioo cha kijivu kisicho na ramani yoyote. Kilikuwa kitupu, maana betri za kawaida zikiachwa ndani muda mrefu huvuja na kuzila koo za shaba, na mzee yule huzitoa kila amalizapo kazi. Akamtuma mtoto dukani. Duka lilikuwa la mbao, la chumvi, viberiti, mafuta ya taa na vocha, nalo lilikuwa na betri ndogo za AA, zimening’inia kwenye karatasi yao karibu na nyembe. Mtoto akarudi na mbili, na chenji, na pipi ambayo hakutumwa.

Mzee alikiweka chombo juu ya kisiki, akatuuliza habari za Tanga, akasubiri. Huyu alianza kazi hizi wakati Wamarekani wakiichafua kwa makusudi sauti ya setilaiti zao ili raia na adui wakosee hata mita 100, desturi ambayo waliiacha mwanzoni mwa Mei 2000, kwa hiyo subira yake ina elimu ndani yake. Chombo kilipokuwa tayari alikunjua karatasi ya ramani ya serikali, ile ya kipimo cha 1:50,000, iliyoshonwa kwa gundi mikunjoni, akabonyeza vitufe mpaka pakaandikwa Arc 1960.

“Babu, hiyo ni nini?” akauliza mpwa wangu, na sauti yake ilikuwa imeshuka vya kupendeza.

Mzee akamweleza kwamba ramani zetu za zamani zilichorwa kwa hesabu moja ya umbo la dunia, na setilaiti hutumia hesabu nyingine, iitwayo WGS 84. Na kwamba anayechukua namba za hesabu hii na kuziweka juu ya karatasi ya hesabu ile hukosea kiasi cha mita 300. “Mita 300, mjukuu wangu, ni shamba la mtu mwingine.”

Tukalizunguka. Kila kona alisimama, akaacha namba zitulie, akaziandika mbili mbili katika daftari, ya kuelekea mashariki na ya kuelekea kaskazini, kwa kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu. Kisha akakaa chini ya mchungwa akazidisha na kutoa kwa mkono, na jibu alilolitoa, pamoja na onyo kwamba mpaka ni kazi ya mpima ardhi, liliwaridhisha warithi wote isipokuwa mmoja, ambaye tangu alfajiri hakuwa na nia ya kuridhika.

Sasa najua watakaoandika. Watasema simu inatosha. Simu ina kipokezi chake, kweli, na wala haihitaji mtandao ili kuzisikia setilaiti, jambo ambalo nusu ya wenye simu hawalijui na hivyo huzima simu zao porini kwa huzuni. Lakini ramani lazima iwe imekwisha kupakuliwa nyumbani, na simu hiyo hiyo ndiyo itakayopigiwa, itakayopiga picha, itakayowasha tochi, na itakayokufa saa tisa alasiri mtu akiwa ndani ya msitu wa Amani. Yule wa Pangani ataniambia kwamba zimekuja GPSMAP 67 za Garmin, zenye betri ya kujengewa ndani ambayo kwa hesabu ya watengenezaji hudumu saa 180. Vema. Na saa ya 181 atafanyaje? Mimi namtajia eTrex 22x, inayokula betri mbili za AA na kwa hesabu ya watengenezaji wale wale hudumu saa 25, na ikizimika mtoto hutumwa dukani. Ipo na eTrex SE, ambayo kwa betri mbili hizo hizo husifiwa kudumu saa 168, ila haina ramani ndani yake, hukopa kwa simu, na mkopo wa simu tumekwisha kuuzungumza. Anayependa betri za kuchaji na anunue za kuchaji, za AA, na asisahau kukiambia chombo ni za aina gani, kwa kuwa volti zake ni 1.2 badala ya 1.5, na chombo kisichoambiwa humwonyesha mwenyewe kiasi cha uongo.

Kuhusu ramani, udhuru ndio haupo kabisa. Tangu mwaka 2004 ipo OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza na inayochorwa na watu wa kila nchi, nayo hutolewa bure na huingia katika vyombo hivi kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Na wengine huilipia Tracks4Africa ya Afrika Kusini, iliyokusanywa kwa nyayo za wasafiri wa bara hili. Katika Dar es Salaam, kwa kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wenyeji wa mitaa walitembea kwa miguu kuichora mitaro na vichochoro vya mitaa inayofurika maji, mpaka mahali ambapo gari la serikali halijapata kufika pakawa na jina na mstari. Vijana hao walitota kwa ajili yetu, na sisi tunashindwa kukaa kitini jioni moja, kabla ya safari, kupakia kazi yao.

Tunashindwa kwa sababu moja tu, nami sitaipima wala kuizungusha: tunanunua ili tuonekane. Chombo cha kijivu chenye vitufe hakimpi mtu hadhi mbele ya shemeji zake, na muuza duka, ambaye anawajua shemeji kuliko anavyozijua setilaiti, hukiweka rafu ya chini. Mtu hupapasa kioo, huona rangi, huuliza bei, hulipa. Hajauliza betri. Hajauliza ramani. Hajakitoa nje ya duka akaona kama kioo kinasomeka juani, ilhali jua tunalo la kutosha.

Nilipokuwa naikamilisha safu hii mpwa wangu alinipitia, mchangamfu kama kawaida yake, kunionyesha katika simu yake tangazo ambalo amelitoa. Anakiuza kile chombo. Ameandika kwamba ni kipya, hakijatumika sana, na kina ramani kamili ya kila kijia na kila chemchemi. Nikamwambia kwamba hajasema uongo hata neno moja, na kwamba namwombea apate mnunuzi mwenye shamba Bavaria.